Kwa Nini Mashine za Akiba Hufungwa Usiku

Barua niliyonayo mezani leo haihusu mapishi wala homa za watoto. Imeandikwa na mama mmoja ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake ishirini na wanne. Kila mwezi wao huchanga fedha kwa njia ya simu, na akiba yao hukaa humo humo katika simu, maana wamechoka kuficha noti chini ya godoro. Usiku mmoja, asema mama huyu, aliletewa ujumbe kwamba huduma ya fedha ingefungwa tangu saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa saba ya usiku huohuo mwenzao mmoja akashikwa na uchungu, na mwenye gari akakataa kuwasha injini kabla hajalipwa. Fedha walikuwa nazo, lakini hazikutoka. Ilibidi wagonge milango ya majirani na kukusanya noti moja moja. Mtoto alizaliwa salama, twamshukuru Mungu. Hata hivyo mama mweka hazina hajapoa. Anauliza: "Tunaambiwa kwamba hesabu zetu zimeandikwa katika mashine zaidi ya moja, ili moja ikifa nyingine iendelee. Kama ndivyo, kwa nini wafunge duka zima?"

Swali hilo lilinishinda. Nikalipeleka kwa mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kukesha na mashine za namna hiyo, nikakaa naye jioni nzima hata chai ikapoa. Haya ninayoyaandika nimeyachuja kutoka katika maelezo yake, pamoja na taarifa ambazo makampuni mawili ya ng'ambo yamezitangaza wazi juu ya makosa yao wenyewe.

Kwanza tuelewe kinachotunzwa. Kila muuza duka ana daftari la mikopo, na kila kikundi kina daftari la michango. Mashine nazo zina daftari lao, nalo huitwa hifadhidata. Na kompyuta inayolibeba daftari hilo huitwa seva. Fedha ya mwanakikundi si noti iliyolala mahali fulani ikiwa na jina lake, bali ni mstari mmoja katika hifadhidata. Mstari ukipotea, fedha imepotea. Ukiandikwa mara mbili, kuna mtu amepata asichostahili, na mwingine atakilipa.

Kwa sababu hiyo daftari hilo haliachwi katika seva moja. Huwekwa katika seva mbili, tatu au zaidi, nazo kwa pamoja huitwa kundi. Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kama nilivyokuwa nikikosea mimi. Tunadhani kwamba seva hizo ni kama mafiga chini ya chungu, kila moja ikibeba mzigo sawa na mwenzake. Sivyo. Katika makundi mengi seva moja tu ndiyo mkuu, nayo peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kupokea maandishi mapya. Nyingine ni manaibu: kazi yao ni kunakili kila mstari anaouandika mkuu, kwa mpangilio uleule, bila kuongeza lao.

Kwa nini wasiandike wote? Hebu fikiri kwamba kikundi cha mama yetu kina madaftari mawili katika nyumba mbili, na akiba iliyobaki ni shilingi elfu kumi. Mwanachama mmoja aende nyumba ya kwanza kuomba elfu kumi, na mwingine wakati huohuo aende nyumba ya pili kuomba elfu kumi. Kila mweka hazina atatazama daftari lake, ataona fedha zipo, naye atatoa kwa moyo mweupe. Hakuna mwizi katika kisa hiki, na hakuna mwongo. Hata hivyo jioni kikundi kina deni. Mafundi wanayo maneno yao ya kuieleza hali hiyo, lakini mimi nitaiita kwa jina la kawaida: wakuu wawili. Mpwa wangu aliniambia kwamba seva ikifa usingizi haumtoki, kwa kuwa naibu yupo. Kinachomkosesha usingizi ni seva mbili zilizo hai na zenye afya, kila moja ikiamini kwamba ndiyo mkuu.

Tena, naibu aghalabu huwa nyuma kidogo. Mkuu anaandika, naibu ananakili, na kati ya kalamu mbili hizo kuna nafasi, pengine chini ya sekunde, pengine dakika kadhaa ikiwa kazi ni nyingi au njia ya mawasiliano ni nyembamba. Yako makundi ambamo mkuu haruhusiwi kumwambia mteja "tayari" kabla naibu hajajibu kwamba amekwisha kunakili. Huo ni usalama zaidi, lakini kila mteja hungoja, na seva zikiwa mbali sana zile ngoja-ngoja ndogo hujumlika zikawa mzigo. Kwa hiyo wengi huchagua njia ya pili, ambayo mkuu huendelea bila kungoja. Atakayechagua njia hiyo ajue ananunua wepesi kwa bei gani.

Sasa tuje kwenye kupokezana zamu. Naibu huweza kuwa mkuu kwa njia mbili, nazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni ya dharura: mkuu amekufa, umeme umekatika au waya umeng'oka, na naibu ananyanyuliwa papo hapo pamoja na pengo lolote alilokuwa nalo. Ya pili ni ya mpango: mkuu yu hai, lakini anatakiwa kutengenezwa, kuongezewa kumbukumbu, au kuwekewa programu mpya, nasi tunataka akabidhi daftari bila kupoteza mstari hata mmoja. Ujumbe aliopelekewa mama yetu ulikuwa wa njia hii ya pili. Hakuna kilichokuwa kimevunjika.

Makabidhiano ya mpango huanza kwa kumpima naibu. Yuko nyuma kwa kiasi gani? Ikiwa ameachwa mbali, fundi mwenye busara huahirisha kazi hadi afike. Kisha milango ya maandishi mapya hufungwa, ili mkuu asiendelee kuandika huku akikabidhi. Naibu humalizia kunakili. Mistari yote ina namba, na namba ya mstari wa mwisho kwa mkuu hulinganishwa na ile ya naibu. Zikitofautiana, hakuna makabidhiano. Zikilingana, mkuu hushuka, naibu hupanda, na wateja huelekezwa kwa mkuu mpya. Yule wa zamani hurudi baadaye akiwa naibu, ananakili kama wenzake. Mpwa wangu anasema kwamba, mambo yakienda sawa, kazi hiyo yaweza kumalizika kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai.

Neno "hufungwa" nimelitumia kwa wepesi, nalo lastahili maelezo. Ipo programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL, ambayo hutumika sana duniani, nayo hujua kufunga duka kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni ya upole: haruhusiwi mteja mpya kuingia, lakini waliomo ndani wanangojwa hadi watoke kwa hiari yao. Tatizo ni kwamba akiwapo mmoja aliyesahau kutoka, duka halifungwi mpaka kuche. Namna ya pili ni ya haraka: wateja waliomo huondolewa, shughuli walizokuwa hawajazimaliza hufutwa kana kwamba hazikuanza, kisha daftari hufungwa kwa utaratibu. Namna ya tatu ni ya mara moja: taa hupulizwa na mwenye duka hukimbia. Daftari haliharibiki, lakini atakaporudi itambidi asome upya kumbukumbu zake ili ajue alifika wapi.

Lililonifurahisha ni hili. Katika namna mbili za kwanza, mkuu huandika alama ya kufunga, kisha haondoki mpaka awe amewapelekea manaibu waliounganishwa naye mistari yote iliyosalia, pamoja na hiyo alama ya mwisho. Ni kama mpishi wa zamu ya asubuhi asiyevua kanga ya kazi mpaka mwenzake ameonja mchuzi. Katika namna ya tatu adabu hiyo haipo. Fundi aliyechoka, ambaye usiku wa manane huchagua namna ya tatu kwa kuwa ndiyo ya upesi, huenda akamwacha naibu bila mistari ya mwisho, asijue.

Yuko mwingine ambaye sijamtaja bado, naye ndiye mzizi wa fitina nyingi. Huyu ni msimamizi. Kwa kuwa mafundi hawawezi kukesha kila usiku, makundi ya seva huwekewa programu ya kuyachunga. Mojawapo huitwa Pacemaker, nyingine Patroni. Msimamizi huuliza kila baada ya muda mfupi: mkuu, upo? Asipojibiwa, humnyanyua naibu. Kazi hiyo ni njema, lakini msimamizi hajui kutofautisha mkuu aliyekufa na mkuu aliyezimwa kwa makusudi na fundi anayetaka kumpangusa vumbi. Asipoarifiwa mapema kwamba leo ni siku ya matengenezo, ataona ukimya, atamtawaza naibu, na fundi atakapomwasha mkuu wa zamani atakuta nyumba ina mwingine. Ndiyo maana katika programu zote mbili nilizozitaja ipo amri ya kumwambia msimamizi akae kando kwa muda. Na kazi ikiisha ni lazima arudishwe. Wapo wanaosahau, kundi likakaa majuma mengi bila mchungaji huku kila mtu akidhani yupo.

Ili msimamizi asidanganyike, huwekwa wasimamizi watatu au watano badala ya mmoja, nao hawawezi kuamua jambo bila akidi, kama vile mkutano wa ushirika usivyoweza kupitisha azimio wanachama wengi wasipokuwapo. Anayetengwa na wenzake hujikuta hana akidi, hivyo hunyamaza. Hali kadhalika, kabla ya kumtawaza naibu, kundi lililopangwa vizuri humkatia umeme mkuu ambaye haieleweki yu hai au la, ili asije akazinduka na kuanza kuandika. Mafundi wameipa hatua hiyo jina la mzaha lenye maana ya kumpiga mwenzio risasi ya kichwa. Jina ni baya, lakini sababu yake tumekwisha kuiona katika kisa cha madaftari mawili.

Je, akidi yatosha? Tutazame yaliyoipata kampuni ya GitHub ya Marekani, ambayo hutunza kazi za watengenezaji wa programu wa dunia nzima. Tarehe 21 Oktoba 2018, saa 4:52 usiku kwa saa za Greenwich, mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa cha mawasiliano kilichokuwa kimeanza kuharibika. Kituo chao kikuu cha pwani ya mashariki kikakatika kutoka kwa vingine kwa muda wa sekunde 43. Sekunde 43 tu! Lakini wasimamizi waliokuwa upande wa pili walitimiza akidi, wakaona kwamba mkuu wa mashariki haonekani, wakamtawaza naibu wa pwani ya magharibi. Kwa kanuni zao hawakukosea. Kumbe mashariki walikuwa wameandika mistari ya sekunde chache ambayo haikuwahi kufika magharibi, na mawasiliano yaliporudi magharibi nao wakaanza kuandika yao. Pande zote mbili zikawa na mistari ambayo mwenzake hana. Katika kundi mojawapo lenye shughuli nyingi, mistari iliyobaki mashariki peke yake ilikuwa 954.

Hapo wakuu wa kazi walikuwa na njia mbili: kurudi upesi na kuitupa mistari ya watu, au kwenda polepole na kuihifadhi. Walichagua polepole. Wakasimamisha baadhi ya shughuli kwa makusudi, wakarudisha daftari kutoka katika nakala za akiba, wakanakili upya, wakalinganisha. Ilichukua saa 24 na dakika 11 hata hali ikawa ya kawaida. Wapo waliowalaumu. Mimi siwalaumu, kwa sababu daftari lililofungwa siku nzima kesho hufunguliwa, lakini mstari uliotupwa mwenyewe hataupata tena.

Kisa cha pili ni cha kampuni ya GitLab, yenye kazi inayofanana na hiyo, nacho kilitokea usiku wa tarehe 31 Januari 2017. Naibu alikuwa ameachwa nyuma kiasi cha kushindwa kuendelea, na fundi mmoja, baada ya kazi ndefu, alitaka kulifuta daftari la naibu ili linakiliwe upya tangu mwanzo. Amri aliyoiandika ilikuwa sahihi. Seva aliyokuwa ameisimamia siyo. Aliitoa amri ya kufuta mbele ya mkuu. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili akaikatiza, lakini zilikuwa zimekwisha kutoweka gigabaiti zipatazo 300. Naibu naye alikuwa mtupu tayari. Walipokimbilia nakala za akiba za kila siku waligundua kwamba hazikuwa zikifanyika kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana, na barua za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa ajili ya majaribio tu. Miradi ipatayo 5,000 na wanachama wapya wapatao 700 waliandikwa katika saa zile zilizopotea. Kampuni haikuficha; ilieleza kila hatua hadharani, na kwa hilo nawapa heshima.

Nilipokuwa nikikisikiliza kisa hicho nilimwuliza mpwa wangu: "Na wewe je?" Akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. "Shangazi," akasema, "mahali nilipoanzia kazi tulibandika karatasi juu ya kila seva: hii mkuu, hii naibu. Tukapokezana zamu usiku mmoja, kila kitu kikaenda sawa, tukaenda kulala. Hakuna aliyekumbuka kubandua karatasi." Asubuhi yake mwenzao wa zamu nyingine alizima seva iliyoandikwa naibu. Tangu hapo yeye hasomi karatasi. Kabla ya kugusa chochote huiuliza seva yenyewe wewe ni nani, husoma jibu kwa sauti mbele ya mwenzake, na mwenzake hurudia. Anasema vijana wapya humwona kama mzee wa kanisa. Naona amefanya vema.

Kuzima kundi zima, kwa mfano umeme wa jengo unapokatwa kwa matengenezo, nako kuna mpangilio wake. Kwanza wateja huzuiwa, kisha msimamizi huambiwa akae kando, ndipo mkuu azimwe huku manaibu wakiwa bado macho ili wapokee mistari yake ya mwisho. Wao huzimwa baada yake. Kuna makundi ya namna nyingine, yanayoitwa Galera, ambamo seva zote huweza kuandika kwa makubaliano. Humo sheria ni kwamba atakayezimwa mwisho ndiye atakayewashwa kwanza, kwa kuwa ndiye pekee aliyeyaona yote. Kila seva huandika katika kijifaili kidogo kama inafaa kuanzisha kundi upya au la, na yule wa mwisho kutoka hujiwekea alama ya ndiyo. Kama umeme ulikatika ghafla, hakuna mwenye alama hiyo, na fundi analazimika kulinganisha namba za seva zote kwa mkono ili ajue nani alifika mbali zaidi. Akiharakisha akamwasha asiyestahili, wengine watalifuata daftari pungufu.

Basi, mama yetu mweka hazina, jibu lako ni kwamba mashine ziko zaidi ya moja ni kweli, lakini mwenye kalamu ni mmoja, na kuihamisha kalamu kwataka maandishi yasimame japo kidogo. Hata hivyo sitamtetea kila mtu. Kusimama kwa ajili ya kupokezana tu hakuhitaji saa tano. Saa tano aghalabu ni dalili kwamba nyumba nzima inatengenezwa: programu mpya, au mashine zinahamishwa, kama zile za M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, zilivyohamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015. Kazi kama hiyo hupangwa kwa miezi. Anayejua tangu mwezi uliopita kwamba atafunga, hana udhuru wa kuwaarifu wateja wake jioni ileile, na kikundi chenu kina haki ya kuandika na kulalamika. Mkitaka, nitawasaidia kuitunga barua.

Kwa upande wenu, nawashauri haya. Wekeni kiasi kidogo cha noti kwa mwanachama aliye karibu na barabara, hasa miezi ambayo yupo mwenzenu anayekaribia kujifungua. Ujumbe wa kufungwa ukija, msitume fedha katika dakika za mwisho kabla ya saa iliyotajwa. Na mkituma, jibu lisije, msitume tena papo hapo. Ngojeni huduma ifunguke, mtazame salio, maana huenda mstari wa kwanza uliandikwa, na lililochelewa likawa ni jibu peke yake. Mpwa wangu anasema kwamba asubuhi baada ya matengenezo malalamiko mengi anayoyapokea ni ya watu waliotuma mara mbili.

Juma lijalo nitarudi jikoni. Mama mmoja wa kando ya ziwa ameuliza namna ya kuhifadhi dagaa wakati wa mvua bila kupata uvundo, na mwingine ameahidi kutuletea njia ya bibi yake.